Gari kuukuu likikataa kuwaka baada ya kupata joto: Chanzo, vipimo na tiba

SAFARI ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa ni ya kilomita zipatazo 480, na madereva wengi huikata katikati kwa kupumzika Mtito Andei. Injini huzimwa, abiria hushuka kunyoosha miguu na kupata chai, na baada ya dakika 15 hivi dereva hurejea kwenye usukani. Gari ambalo alfajiri liliwaka mara moja sasa halitoi ila mlio mmoja wa "tak!" Au pengine stata huzunguka na kuzunguka bila injini kushika. Fundi aliye karibu huitwa, naye huamua kwamba betri imekufa. Kabla hajamaliza kuifungua, dereva hujaribu tena na gari huwaka, kila mtu akashusha pumzi.

Ugonjwa huu huwagharimu wenye magari makuukuu fedha nyingi kuliko unavyostahili. Sababu ni moja: hujificha. Gari likifika gereji huwa limepoa, na likipoa huwaka vizuri kama jipya. Fundi asiyeona kasoro hana budi kubahatisha. Leo hununuliwa betri, mwezi ujao stata, kisha pampu ya mafuta, na safari ifuatayo gari hugoma papo hapo lilipogoma awali. Mara nyingi kilichohitajika ni kusafisha ncha za waya au kubadilisha rilei moja ndogo isiyozidi kiberiti kwa ukubwa.

Kenya ina magari mengi ya umri huo. Kanuni za ubora huzuia kuingizwa nchini kwa gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, hivyo basi mengi yaliyotumika ng'ambo hufika yakiwa tayari na miaka kadhaa, kisha hutumika hapa kwa miaka mingi zaidi. Lehemu, nyaya na swichi zake huzeeka pamoja na bodi.

Kwa nini joto huleta matata

Watu wengi hudhani kwamba injini huwa na joto jingi zaidi ikiwa inanguruma. Kuhusu vifaa vilivyo chini ya boneti, hali huwa kinyume. Gari likiwa mwendoni, maji huzunguka kwenye radieta na upepo hupita kati ya vifaa. Injini ikizimwa, maji husimama na upepo hukatika, lakini chuma cha injini na bomba la moshi bado vina joto kali. Joto hilo hupanda na kuenea kwa stata, nyaya, koili na mabomba ya mafuta. Kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa kwa injini, vifaa hivyo huzidi kupata moto, ndipo baadaye vianze kupoa.

Hiyo ndiyo sababu gari lenye ugonjwa huu huweza kuwaka likizimwa na kuwashwa papo hapo, na pia huwaka baada ya saa mbili, lakini hukataa baada ya robo saa. Dereva anayeandika muda huo kwenye karatasi humsaidia fundi kuliko anayesema tu kwamba gari "linasumbua".

Joto hudhuru kwa njia tatu. Kwanza, shaba ikipata moto huongeza ukinzani wake dhidi ya umeme. Waya wa shaba uliotoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 30, na koili iliyokuwa na nguvu ya kutosha asubuhi huwa dhaifu adhuhuri. Pili, metali hutanuka, na ufa mdogo kwenye lehemu ambao ulikuwa umeshikana huachana. Tatu, petroli huanza kugeuka mvuke katika joto dogo sana kuliko maji. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi zipatazo 40 au hata chini ya hapo, na katika miinuko ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, hali hiyo huja mapema zaidi.

Swali la kwanza: Je, stata huzunguka?

Kabla ya kununua chochote, sharti swali hili lijibiwe, kwa kuwa linagawa tatizo mara mbili. Ikiwa stata haizunguki, au huzunguka kwa uzito, hitilafu imo katika betri, nyaya nene, swichi ya kuwashia au stata yenyewe. Ikiwa stata huzunguka kwa nguvu zake za kawaida lakini injini haishiki, betri na stata havina hatia, na kilichokosekana ni cheche au mafuta. Fundi anayeuza stata kwa gari ambalo stata yake inazunguka vizuri hajasikiliza mgonjwa.

Stata isipozunguka

Kipimo cha kwanza ni cha betri, nacho huhitaji maltimita, kifaa cha kupimia umeme kinachopatikana katika maduka mengi ya vifaa vya umeme. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6. Msaidizi akipiga stata, kipimo kisishuke chini ya volti 9.6 hivi. Kikishuka zaidi ya hapo, betri ni dhaifu au stata inakunywa umeme kupita kiasi. Injini ikishawaka, kipimo kiwe kati ya volti 13.8 na 14.5. Kikiwa chini ya hapo, jenereta haichaji ipasavyo.

Betri ikiwa nzima, zifuatazo ni nyaya. Hapa wengi hukosea kwa kuzitazama tu kwa macho. Waya unaweza kung'aa nje na kuwa umeliwa na kutu ndani ya ganda lake. Njia ya uhakika ni kuweka mguso mmoja wa maltimita kwenye kichwa chanya cha betri na mwingine kwenye skrubu nene ya stata, kisha stata ipigwe. Kipimo kisizidi nusu volti. Vivyo hivyo hufanywa kati ya kichwa hasi cha betri na chuma kitupu cha injini, na hapo kipimo chema ni karibu volti 0.2. Kikizidi sana, waya wa athi, yaani ule unaoiunganisha injini na bodi na betri, umelegea au umeshika kutu. Kuufungua, kuusugua kwa msasa na kuukaza upya ni kazi ya nusu saa.

Vipimo hivi vifanywe gari likiwa limegoma. Vikifanywa asubuhi vitaonyesha afya njema na kumpotosha anayepima.

Mlio mmoja wa "tak!" bila stata kuzunguka una maana yake. Solenoidi, ambayo ni koili inayosukuma gia ya stata na kuunganisha umeme mkubwa, imevuta, lakini umeme haukupita. Katika magari mengi ya Toyota yenye stata ya Denso, vipande viwili vya shaba vilivyomo ndani ya solenoidi huliwa polepole kila stata inapopigwa. Vikishaisha upande mmoja, gari hulia mara moja, mara mbili, mara kumi, kisha ghafla huwaka. Vipande hivyo huuzwa pekee, na fundi mzuri huvibadilisha bila kununua stata nzima.

Kusiposikika mlio wowote, umeme wa kuamrisha haufiki kwenye solenoidi, au unafika ukiwa umechoka. Njia yake ni ndefu: hutoka kwenye betri, hupitia fyuzi na swichi ya ufunguo, kisha katika gari la otomatiki hupitia swichi inayozuia gari kuwashwa likiwa kwenye gia. Kila kiungo huiba sehemu ya volti. Mfano maarufu ni Volkswagen ya zamani, ile iliyopewa jina la Kobe. Injini na stata ziko nyuma, ufunguo uko mbele, na waya hulazimika kwenda na kurudi urefu wote wa gari. Ikizeeka na kupata joto, solenoidi hukosa nguvu ya kuvuta. Mafundi waliijua tiba yake miaka mingi iliyopita: kufunga rilei karibu na stata, ili ule umeme uliochoka uamrishe rilei tu, nayo rilei ilete umeme mbichi kutoka kwa betri.

Rilei ni kitu gani?

Rilei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme badala ya kidole. Ndani yake mna koili ndogo ya waya mwembamba na pia ulimi wa metali. Koili ikipata umeme hugeuka sumaku, huuvuta ulimi, na njia ya umeme mkubwa hufunguka. Koili hutumia umeme mdogo sana, karibu ampea 0.15, ilhali ulimi wake huweza kupitisha ampea 30 au 40. Kwa njia hiyo, swichi nyembamba ya ufunguo au kompyuta ya gari huweza kuamrisha pampu ya mafuta, taa, honi au feni bila kuungua.

Rilei nyingi zilizofuata mtindo wa Ujerumani huandikwa namba kwenye miguu yake. Mguu wa 30 hupokea umeme kutoka kwa betri. Mguu wa 87 huupeleka kwenye kifaa. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili. Katika rilei nyingi za Toyota namba ni 1 na 2 kwa koili, 3 na 5 kwa njia ya umeme mkubwa. Mara nyingi mchoro mdogo huchapwa ubavuni mwa rilei, na asiyeuangalia huweza kuunganisha kinyume.

Ufa usioonekana

Miguu ya rilei hushikishwa kwenye bodi yake kwa lehemu, ile metali laini inayoyeyushwa kuunganisha waya. Kwa miaka mingi lehemu hiyo hupashwa joto na kupoa, hutikiswa na barabara mbovu, mwisho hupasuka kwa mviringo mwembamba kuuzunguka mguu. Ufa huo huenda usionekane bila kioo cha kukuzia. Gari likiwa baridi, metali hushikana. Likiwekwa juani madirisha yakiwa yamefungwa, metali hutanuka, mguso hupotea, na pampu ya mafuta hunyamaza.

Wenye magari ya Honda ya miaka ya 1980 na 1990 huufahamu ugonjwa huu. Rilei kuu ya mfumo wao wa mafuta hukaa chini ya dashibodi, na dalili yake ni ya kushangaza: gari lililoanikwa juani hukataa, lakini madirisha yakifunguliwa na sehemu ya ndani ikapoa, huwaka. Mercedes-Benz za aina ya W124 na W201 zina historia kama hiyo katika rilei ya pampu ya mafuta na ile inayokinga mitambo dhidi ya volti nyingi. Katika magari yote hayo, fundi wa umeme mwenye mkono mtulivu huweza kuifungua rilei, kuiyeyusha upya lehemu iliyopasuka na kuirejesha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni gharama ya pampu ambayo haikuwa mbovu.

Stata ikizunguka na injini isishike

Katika hali hii dereva aanze kwa masikio. Ufunguo ukifikishwa hatua ya kabla ya stata, magari mengi yenye mfumo wa kunyunyiza mafuta hutoa mlio mdogo wa rilei, kisha mngurumo wa pampu nyuma ya gari kwa sekunde mbili hivi. Ukimya ni dalili. Hata hivyo, tahadhari yahitajika: katika baadhi ya Toyota za zamani pampu haingurumi hadi stata ipigwe, kwa hivyo ukimya huo ni wa kawaida. Dalili nyingine ya kutiliwa maanani ni gari kuwaka stata inapopigwa kisha kuzima mara ufunguo unapoachiliwa. Hapo rilei hupata amri wakati wa stata lakini huikosa baadaye, au swichi ya ufunguo imechakaa.

Pampu ikiwa kimya, maswali manne yaulizwe kwenye tundu za rilei yake kwa kutumia maltimita, si taa ya majaribio, kwani taa yenye balbu huweza kuidhuru kompyuta. Je, mguu wa 30 una volti za betri? Je, upande mmoja wa koili unapata umeme ufunguo ukifunguliwa? Je, upande wa pili unapata athi wakati stata inapigwa? Na rilei ikiwa imerudishwa mahali pake, je, mguu wa 87 unatoa umeme?

Majibu matatu ya kwanza yakiwa ndiyo na la nne likiwa siyo, rilei imekufa. Yote yakiwa ndiyo na pampu bado kimya, rilei haina kosa. Waya wa pampu au pampu yenyewe ichunguzwe. La kwanza likiwa siyo, fyuzi iangaliwe. La pili au la tatu likiwa siyo, rilei haijaamrishwa, na hitilafu imo kwenye swichi ya ufunguo, kompyuta, au sensa inayoiarifu kompyuta kwamba injini inazunguka. Sensa hiyo nayo hufa kwa joto na kufufuka ikipoa, na huondoka na cheche pia.

Njia nyepesi zaidi ni kubadilishana. Rilei ya honi au ya feni mara nyingi hulingana na ile ya pampu. Namba na mchoro vikiwa sawa kabisa, zibadilishane nafasi. Gari likiwaka na honi ikanyamaza, mwenye hatia amepatikana.

Anayeshuku rilei na gari limekwisha kupoa anaweza kuufufua ugonjwa mezani. Rilei huunganishwa na betri, na balbu ya taa kubwa huwekwa kwenye njia yake ya 87 iwe mzigo. Kisha rilei hupulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele kama zile za saluni. Balbu ikififia au kuzimika rilei inapopata moto, hakuna haja ya ushahidi zaidi.

Njia ya mkato iliyo hatari

Fundi wa barabarani anaweza kuitoa rilei na kuunganisha mguu wa 30 na ule wa 87 kwa kipande cha waya. Pampu hunguruma, gari huwaka, fundi hulipwa. Kwa dakika moja ya kupima, au kufika mji wa karibu kwa uangalifu mkubwa, waya wenye fyuzi wa aina hiyo una manufaa. Kuuacha humo ni kucheza na roho za watu.

Katika magari mengi rilei ya pampu hukata mafuta pindi injini inaposimama. Gari likigongana au kubiringika, injini huzima, rilei huachia, pampu hukoma. Penye waya wa mkato, pampu huendelea kusukuma petroli kupitia bomba lililopasuka juu ya chuma chenye moto. Mwenye gari ana haki ya kuuliza, kila linapotoka gereji, iwapo kuna rilei iliyorukwa. Vilevile fyuzi isibadilishwe kwa yenye ampea kubwa zaidi wala kwa karatasi ya sigara, maana kitakachoungua ni waya.

Alamu na vyanzo vingine

Magari mengi nchini yamefungwa alamu au vifaa vya kufuatilia gari likiibwa, na vingi hukata waya wa stata au wa pampu na kuingiza rilei ya ziada. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe hulegea kwa joto. Kabla ya kuilaumu rilei ya kiwandani, ile ya alamu ichunguzwe.

Magari ya kabureta, kama Peugeot 504 iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978, yana shida yao. Petroli huchemka ndani ya kabureta na kumwagika kwenye injini. Dereva akanyage mafuta polepole hadi chini, ashikilie hapo bila kupigapiga, kisha apige stata. Ikiwa ni mvuke uliojaa kwenye pampu, kitambaa kilicholowa maji huipoza. Maji yasimwagwe juu ya injini yenyewe, kwa kuwa chuma chenye moto huweza kupasuka.

Katika gari la kunyunyiza mafuta, valvu ya pampu isiyoshika huruhusu mafuta kurudi kwenye tangi, na mvuke hushika nafasi yake. Kufungua ufunguo mara tatu bila kupiga stata huweza kulijaza bomba tena. Mbinu hiyo ikisaidia kila mara, valvu ndiyo mbovu.

Kinga

Vichwa vya betri visafishwe na kupakwa grisi mara mbili kwa mwaka. Nyaya za athi zikazwe kila injini inapohudumiwa. Kinga ya bati iliyo kati ya bomba la moshi na stata isitupwe, kama inavyofanywa na mafundi wenye haraka, kwani iliwekwa kuzuia joto hili hili. Rilei moja ya akiba yenye namba sawa iwekwe kwenye kisanduku cha gari, pamoja na fyuzi chache na maltimita.

Na gari litakapogoma Mtito Andei, dereva asikimbilie kuita wa kulisukuma. Hizo dakika chache za kugoma ndizo pekee ambazo ugonjwa hujionyesha. Asikilize kama stata inazunguka, asikilize pampu, aguse rilei asikie kama inavuta, na aandike alichokiona. Karatasi hiyo ndiyo itakayomfaa fundi kesho yake, gari litakapowaka tena kana kwamba halijawahi kukosa.